Kicheko cha Apolinaria

Apolinaria alifukuzwa shule kwa kosa la kucheka. Hakuiba, hakutoroka, hakukutwa na mvulana nyuma ya jiko la misheni. Alicheka mara moja tu, mbele ya Askofu, na kicheko hicho kikamnyima ualimu kwa miaka ishirini na minne.

Baba yake alikuwa mrina asali wa Ipole, mtu wa mizinga na moshi, asiyeongea sana. Babu yake alikuwa mpagazi. Alibeba pembe za ndovu kutoka Unyanyembe hadi pwani, akarudi na shuka moja, kikohozi na Kiswahili. Shuka ilichakaa, kikohozi kikamuua, Kiswahili ndicho kilichobaki nyumbani. Basi ukoo ule ukashika imani kwamba mtu akitoka kwao sharti arudi na kitu, hata kama ni maneno matupu. Binti alipofikia umri, baba akafunga dumu la asali na donge la nta kwenye baiskeli, akamkalisha juu yake, akampeleka kwenye shule ya bweni ya masista.

"Mfundisheni," akasema. "Akirudi, arudi na kitu."

Mkuu wa shule alikuwa Sista Eustadia, mwanamke mrefu, mkavu, aliyetoka Ulaya na Kiswahili alichojifunza kitabuni akiwa melini. Alikizungumza kama karani anayesoma tangazo la kodi ya kichwa. Alikuwa na mambo mawili aliyoyaamini kuliko yote, nayo ni mfupa na namba.

Mfupa ulikuwa wa ng'ombe, umetobolewa na kutiwa kamba ya katani. Msichana aliyesikika akisema Kinyamwezi, hata "mwangaluka" ya asubuhi kwa shoga yake, alivishwa shingoni, akakaa nao mpaka amnase mwingine kwa kosa hilo hilo. Anayelala nao hapati uji. Hivyo jioni wasichana walijibanza vichakani na nyuma ya milango kuwavizia wenzao, na wengine walikwenda kuwakanyaga vidole makusudi, wakijua kwamba mtu akiumia hulia kwa lugha ya mama yake. Hayo ndiyo yaliyokuwa mafunzo ya kumpenda jirani.

Namba zilikuwa za katekisimu. Sista Eustadia hakujisumbua na maana. Alisema "Nne!" na darasa likapaaza jibu la nne. Akasema "Tano!" likaja la tano. Maswali yalikuwepo, lakini kwa pambo tu. Lililotakiwa ni jibu, na majibu yalijipanga kwa zamu kama akina mama kisimani. Wasichana walikuwa wakiyaimba huku mawazo yao yako kwenye karanga. Apolinaria peke yake ndiye aliyekuwa na tabia mbaya ya kusikiliza alichokuwa anakisema.

Mwaka wa arobaini na tisa Askofu akaja kukagua. Darasa lilifanya mazoezi wiki tatu. Askofu akakaa, akauliza la kwanza, wasichana wakajibu vizuri. Akauliza la pili, la tatu, mpaka la sita, kila kitu kikaenda sawa, na Sista Eustadia alikwisha anza kutabasamu, jambo ambalo halikuwa kawaida yake. Lakini dirishani ilikuwa inaingia harufu ya kuku wa kuchoma. Askofu akatazama saa, akaona afupishe. Akaliruka swali la saba, lililouliza Shetani ni nani, akauliza la nane.

"Haya, watoto wangu. Askofu ni nani?"

Darasa zima, wasichana arobaini, wakavuta pumzi pamoja wakajibu kwa sauti moja tamu:

"Ni malaika mwasi, mwenye kiburi, aliyetupwa motoni pamoja na wote wanaomfuata!"

Hakuna aliyeshtuka. Wasichana walikwisha funga midomo, wanasubiri la tisa. Apolinaria, aliyekuwa kiranja na aliyesimama mbele kabisa, akamtazama Askofu, akatazama ile pete yake, akamwazia motoni na wote wanaomfuata, na Sista Eustadia akiwa wa kwanza kwenye mstari. Kicheko kikamtoka. Si cha kitoto cha kuzibia mdomo, ila kile cha tumboni, cha kupiga paja.

Waliosema Askofu ni Shetani walisamehewa, kwa kuwa hawakujua walitendalo. Aliyecheka ndiye aliyeadhibiwa, kwa kuwa alijua. Alipiga magoti kwenye changarawe tangu adhuhuri mpaka kengele ya jioni, na kesho yake akakabidhiwa kisanduku chake. Nafasi yake ya chuo cha ualimu ilifutwa. "Msichana anayecheka hawezi kufundisha," Sista Eustadia alimwambia mrina asali, na mzee akageuza baiskeli bila kuuliza neno. Njiani, karibu na nyumbani, ndipo alipouliza kama walau alirudi na kitu. Apolinaria akasema amerudi na ushonaji.

Kweli alishona. Alihamia mjini Tabora, akapanga mtaa wa Ipuli, akapata baraza ya kuweka cherehani yake kando ya cherehani ya Mwanajuma binti Lukumani, mwanamke wa mjini hasa, ambaye ukoo wake ulikuwa ukishona kanzu tangu enzi za misafara. Mwaka wa sabini na tatu Apolinaria alikuwa na miaka thelathini na minane, hakuwa na mume wala cheti, na sauti ya Sista Eustadia haijamtoka kooni.

Aliitumia kazini. Mteja akija kupimwa, Apolinaria humvika futi shingoni na kumkaripia kizungu kizungu: "Simama wima! Tumbo ndani, dhambi nje! Wewe, kwa nini kiuno chako hakijaungama?" Wanawake walicheka mpaka vipimo vikaharibika. Watu wakaanza kusimama barazani bila haja ya nguo. Kila apitaye aligeuzwa mwanafunzi: muuza maandazi aliulizwa amri ya saba, mwendesha baiskeli aliambiwa arudi nyuma apite tena kwa adabu. Mwanajuma, aliyesoma chuo cha Kurani chini ya mwalimu mwenye bakora ndefu kuliko darasa lenyewe, alisema haoni tofauti ila kwamba bakora ya kwao ilikuwa haina Kilatini.

Sasa, wakati ule nchi nzima ilikuwa inafundishwa kusoma. Redio ilihimiza kisomo cha watu wazima, mabango yalihimiza, hata kwenye magunia ya unga waliandika. Darasa la Ipuli lilikuwa na ubao, benchi nane na wanafunzi thelathini, halikuwa na mwalimu. Apolinaria alipolisikia hilo alikaa siku mbili bila kumuigiza mtu. Alikitaka kile kiti kuliko alivyowahi kutaka kitu kingine chochote, mume akiwemo. Akaenda kwa Katibu wa tawi la Chama.

Katibu aliitwa Modest. Alikuwa na umbo la kupendeza, suti ya kijani yenye mifuko minne, kalamu mbili mfukoni, na sauti ambayo ikisema "Uhuru!" kuku wa mtaa wa pili walikuwa wanaruka. Sauti hiyo ndiyo iliyompandisha. Siku za kudai uhuru alikuwa anasimama juu ya pipa na kukariri hotuba nzima aliyoisikia mara moja tu redioni, bila kudondosha hata kikohozi cha msemaji. Mkewe alikuwa Flavia. Ndiyo, Flavia yule yule wa darasa la Sista Eustadia, mmoja wa wale arobaini, aliyekuwa anakaa dawati moja na Apolinaria na kumwita Apo.

"Huna cheti, Ndugu Apolinaria," alisema Katibu.

"Nina akili, Ndugu Katibu."

"Akili haina muhuri."

Alimrudisha mara tatu. Mara ya nne alimkalisha kitako, akampa soda. Chama kilikuwa kinaandaa sherehe, wageni watakuja kutoka wilayani, na yeye amesikia juu ya ile michezo ya barazani. Alitaka igizo. Aonyeshwe sista wa kikoloni na kasumba yake, watu wacheke, waone tulikotoka. Na mwisho lije somo jipya: yeye mwenyewe, Katibu, aitwe jukwaani kama mwanafunzi wa Tanzania huru, asome mbele ya umma maswali na majibu ya siasa ya Ujamaa. Flavia atayaandika kwenye karatasi.

"Na kisomo je?" aliuliza Apolinaria.

"Igizo likienda vizuri," alisema Katibu, akigusa muhuri wake mezani kama anayemgusa mtoto kichwani, "tutaona."

Flavia aliileta karatasi asubuhi ya siku ya sherehe, alipokuja barazani kupimwa gauni la akina mama wa Chama. Ilikuwa imechanwa kwenye daftari, imekunjwa mara nne. Apolinaria alimpima Flavia na wenzake kumi na mmoja waliosubiri foleni, akaandika vipimo vyao kwenye karatasi ya daftari vilevile, naye akaikunja mara nne. Zote mbili akazitia kwenye mkono mpana wa vazi la usista, ambalo Mwanajuma alikuwa ameshalishona kwa shuka nyeupe na kwa bidii ambayo mwalimu wake wa chuo asingeipenda.

Saa kumi alasiri ua wa tawi ulikuwa umejaa mpaka ukutani. Wageni wa wilayani walikaa mbele kwenye viti vya kukunja, wakiamini wamekuja kutazama. Kumbe hakuna kutazama katika darasa la Sista. Apolinaria alitoka kama Sista, kengele mkononi, mfupa wa ng'ombe unaning'inia kiunoni pale penye rozari, akausimamia ule umati mpaka ukanyamaza wenyewe.

"Tumsifu Yesu Kristo!"

"Milele amina!" waliitikia Wakatoliki.

"Sijasikia. Nusu ya darasa imelala."

"Milele amina!" uliitikia ua mzima, masharifu na mahaji humo humo, kwa woga ambao hawakujua wameutoa wapi.

Mgeni mmoja wa wilayani aliyechelewa aliambiwa arudi mlangoni, abishe hodi, aeleze kama alikuwa anachunga mbuzi. Alieleza. Mwanamke aliyekuwa akitafuna ubani aliambiwa aubandike puani mwake mwenyewe mpaka mwisho wa kipindi, akaubandika. Mzee mmoja aliyemnong'oneza jirani yake kwa Kinyamwezi akavishwa mfupa papo hapo, na yule mzee, mwenye wajukuu tisa, akageuka na kuanza kuvizia kwa macho makali kama alikuwa akiingojea nafasi hiyo maisha yake yote. Mfupa ukazunguka. Ukaishia kwa katekista wa parokia, ambaye Jumapili iliyotangulia aliwaonya waumini wasihudhurie upuuzi huu, na ambaye alikuwa amejificha nyuma ya nguzo.

Kisha Sista alimwita Mabruki, mzee wa kuuza kahawa, aliyekuwa akipita katikati ya watu na birika lake.

"Wewe! Jina lako la ubatizo?"

"Mabruki."

"Hilo silioni kwenye kitabu cha watakatifu."

"Labda kitabu chako hakijaisha, Sista."

"Nani aliyekuumba?"

"Mwenyezi Mungu."

"Umejuaje?"

"Nilichapwa."

"Vizuri sana," alisema Sista. "Huyu Mkatoliki kamili. Mpeni kiti."

Watu walilia kwa kicheko. Mabruki naye alicheka mpaka kahawa ikamwagika. Katibu Modest, pale mbele, alicheka kuliko wote, akiwageukia wageni kuwaonyesha kuwa jambo hili ni lake. Hivi ndivyo tulivyotawaliwa, aliwaambia. Kukaririshwa kama kasuku! Kisha ikafika zamu yake, akapanda jukwaani akitengeneza kola, akasimama akiwakabili watu. Sista alisimama nyuma ya bega lake, akaingiza mkono kwenye lile vazi, akampa karatasi.

Katibu akaikunjua. Akakohoa. Akaiangalia kwa makini, macho yakiwa kwenye mstari wa juu.

"Swali la kwanza," alisoma. "Unyonyaji ni nini? Jibu. Unyonyaji ni hali ya mtu mmoja kuishi kwa jasho la mwenzake."

Umati ukapiga makofi. Apolinaria naye alikuwa anapiga, na katika kupiga akahisi kitu kinamchoma kwenye mkono wa vazi, ncha ya karatasi. Akachungulia. Mwandiko wa Flavia. Swali la kwanza, Unyonyaji ni nini.

Akainua macho, akatazama juu ya bega la Katibu.

*Flavia. Kifua 42. Kiuno 41. Nyonga 46.*

"Swali la pili," alisoma Katibu kwa sauti iliyotetemesha mabati. "Nguzo za Ujamaa ni zipi?" Kidole chake kilikuwa kinatembea chini ya maandishi, taratibu, kama afanyavyo msomaji mzuri. Nguzo ya kwanza ikaangukia kwenye kifua cha mkewe. Ya pili ikakaa kiunoni. Alipofika kwenye nyonga alinyanyua kichwa, akawaangalia wageni kwa uchungu wa nchi, akarudi kwenye mstari wake bila kuupoteza. Alisoma heshima, usawa, kazi, akamaliza akina mama wote kumi na wawili. Kisha akageuza karatasi.

Nyuma yake palikuwa peupe. Hapakuwa na alama hata ya mavumbi. Katibu akaupandisha ule weupe karibu na macho, akasoma maswali manne mengine, na majibu yake, na akatua kidogo pale kwenye nukta.

Apolinaria alielewa. Huyu bwana aliyeapa kufuta ujinga katika kata nzima ifikapo mwaka wa sabini na tano, mwenye kalamu mbili mfukoni, hakujua hata herufi moja. Ndiyo maana ya muhuri. Ndiyo maana barua zote za tawi zilikuwa na mwandiko wa kike.

Na kicheko kikaanza. Alikifahamu, ni kile kile, kilianzia kitovuni na kikawa kinapanda. Mbele yake palikuwa na watu mia tano ambao kazi yao yote alasiri ile ilikuwa kucheka anapowaambia. Neno moja tu lilitosha: "Mwanafunzi, hebu waonyeshe wenzako hiyo karatasi." Asingesahaulika Tabora nzima mpaka Kigoma. Na alikuwa na haki. Mtu huyu alimrudisha mara tatu kwa kukosa cheti.

Msije mkamtangaza mtakatifu. Kilichomzuia kwanza kilikuwa ule muhuri. Aliufikiria wazi kabisa, na mpini wake wa mti. Lakini kisha alimwona Flavia, safu ya tatu. Flavia alikuwa ameushika upindo wa kanga kwa mikono miwili, na midomo yake ilikuwa inatembea. Kila neno alilosema mumewe yeye alikuwa anamtangulia kimya kimya, silabi kwa silabi. Miaka ishirini na minne iliyopita Apolinaria alimwona akiimba hivyo hivyo, Askofu ni malaika mwasi, bila kujua anachosema. Leo alijua, na alikuwa anaogopa. Apolinaria akaziuma kuta za mashavu yake mpaka akaonja damu.

"Sista! Mpe maksi!" watu walipiga kelele.

"Nimefundisha miaka mingi," alisema Sista Eustadia kwa taabu, sauti ikimkwaruza. "Sijapata kuona mtu akisoma kama huyu. Nirudishie karatasi, ukae."

"La, Ndugu," alisema Katibu, akicheka na umati. "Hii naitunza. Ni kumbukumbu." Akaikunja mara nne, akaitia mfuko wa kushoto, juu ya moyo.

Kesho yake ilibidi akina mama kumi na wawili wapimwe upya. Flavia alikuja wa mwisho, barazani pakiwa na Mwanajuma tu, aliyejifanya anatafuta uzi.

"Apo, si ulinipima jana?"

"Nilikupima."

"Karatasi iko wapi?"

Apolinaria alikuwa na pini midomoni. Alizitoa moja moja, akazichomeka kwenye kitambaa. "Anayo mumeo," alisema. "Hii hapa ndiyo uliyoniandikia wewe. Haikutoka kwenye mkono wangu."

Flavia aliitazama ile karatasi mikononi mwake. Mwanzo hakuelewa. Kisha alikaa chini, kwenye sakafu ya saruji, na kanga yake nzuri.

"Miaka kumi na mitano namsomea," alisema. "Kila usiku, kila barua. Mtu ana kichwa, Apo, ukimsomea mara mbili amekwisha. Nikimwambia twende darasani, ananiambia Katibu hawezi kukaa benchi moja na watu anaowaamrisha." Alijipangusa macho kwa kiganja. "Mficha uchi hazai. Nimechoka."

"Nami sijasema kitu."

"Najua. Ungesema, ningekuwa nimeshahama mji."

Siku ya tatu barua ikafika Ipuli. Ilimteua Ndugu Apolinaria kuwa mwalimu wa kisomo, mara tatu kwa wiki, saa tisa alasiri. Ilikuwa na muhuri wa tawi, umegongwa kwa nguvu, umelala upande, na mwandiko wa Flavia. Mwisho kulikuwa na agizo la ziada: kwa kuwa Chama kinathamini elimu, Katibu atahudhuria vipindi vyote yeye mwenyewe, kwa ajili ya ukaguzi. Mpaka leo haijulikani kama Katibu alisomewa aya hiyo kabla hajaigongea.

Alikuja. Alikaa benchi la nyuma na daftari la ukaguzi, miguu imepishanishwa, akikunja uso kila mwanafunzi alipokosea. Wiki ya kwanza alikwisha kariri kitabu chote cha kisomo, kurasa zote, kwa kuwasikiliza wengine wakisoma. Apolinaria akaona hapa hapana budi. Akakiweka kitabu kabatini. Akawa anaandika ubaoni vitu visivyo na mpango, leo "ndoo", kesho "mzinga", halafu jina la mtu aliyekaa mbele, halafu nusu ya neno tu. Kila alipohisi kwamba benchi la nyuma limeshaizoea zamu, aliivuruga. Aliuliza la nane kabla ya la saba. Katibu alitoka jasho. Alilalamika rasmi kwamba mwalimu hana utaratibu.

"Ndiyo, Ndugu Katibu," alisema Apolinaria. "Andika kwenye daftari lako la ukaguzi."

Hakuwa akiweza, na wote wawili walilijua hilo, ila mmoja hakujua kwamba mwenzake anajua. Nitasema ukweli, Apolinaria alifurahi. Alifurahi kwa roho mbaya kabisa, wiki nyingi. Lakini kwa roho hiyo hiyo mbaya hakumwacha hata siku moja, na mwezi wa tano wa darasa Katibu aliandika kwenye daftari la ukaguzi, kwa herufi kubwa zilizolala kama walevi, MWALIMU MKALI.

Mwezi wa saba, alasiri moja, darasa lilipokwisha tawanyika, Katibu alibaki kutia saini. Sasa alikuwa anatia saini mwenyewe, na alipenda kufanya hivyo polepole. Akatoa kwenye mfuko wa kushoto karatasi iliyokunjwa mara nne, imelegea kwenye mikunjo kwa kubebwa.

"Ile karatasi yangu ya sherehe," alisema. "Nataka uniangalie, kama sasa naisoma vizuri zaidi."

Apolinaria aliweka chaki chini.

Aliikunjua. Akaweka kidole kwenye mstari wa juu. "U..." alianza, kisha akanyamaza, kwa sababu pale chini ya kidole hapakuwa na U. Akainama. "F," alisema. "Fla. Fla-vi-a." Akatabasamu kidogo, kwa kulikuta jina la mkewe. "Ki-fu-a." Tabasamu likaondoka. Aliendelea kwa midomo tu, mstari wa kwanza, wa pili, mpaka wa kumi na mbili. Akageuza karatasi. Akautazama ule upande mweupe kwa muda mrefu kuliko alivyoutazama upande wa maandishi.

"Nilisoma hii?" aliuliza.

"Hiyo hiyo, Ndugu Katibu."

"Na huku?"

"Huko ulisoma maswali manne. Hukukosea hata moja."

"Wewe ulikuwa umesimama nyuma yangu."

"Ndiyo."

"Na hukucheka."

"Nilicheka nyumbani," alisema Apolinaria. "Siku tatu. Mwanajuma alitaka kunitafutia mganga."

Katibu Modest alikaa kwenye benchi, si lile la nyuma, ila la mbele, lililokuwa karibu. Sauti yake kubwa ilikuwa haipo. Alichomoa kalamu moja mfukoni, akairudisha. Apolinaria alingoja, na kwa mara ya kwanza tangu ampate mtu huyu mikononi mwake alimwonea huruma, akatamani asingekuwa ameandika namba kwa wino mzito vile.

"Arobaini na moja?" alisema Katibu hatimaye.

"Kiuno? Ndiyo. Nilipima mara mbili."

"Mimi aliniambia thelathini na sita." Aliitazama tena. "Miaka kumi na mitano ananisomea huyu mwanamke. Sasa najiuliza na zile barua za wilayani alikuwa ananisomea namba zipi."

Mabega yake yakaanza kutikisika. Apolinaria alidhani analia, akasogea, akamkuta anacheka, kile kicheko cha tumboni, amejishika paja na machozi yanamdondokea kwenye nyonga za akina mama wa Chama. Hapo na yeye akashindwa. Alicheka kwa sauti, darasani, mchana kweupe, mbele ya kiongozi, mpaka akaegemea ubao na mgongo wake ukafuta somo zima la siku ile, na watoto waliokuwa wakipita njia wakasimama dirishani kumshangaa, wala hakuna aliyemfukuza, maana mwalimu alikuwa yeye.